Dondoo muhimu: Kupanga mifumo ya TEHAMA ya halmashauri

Unapotumia mwongozo wa usanifu kama TOGAF kupanga mifumo itakayofika hadi Kata ya Ndalambo, wilayani Momba, zingatia haya:

1. Anza na kazi, si kompyuta: mfuate mgonjwa wa zahanati kuanzia mapokezi, chumba cha daktari, dirisha la dawa hadi risiti.
2. Orodhesha mifumo iliyopo, kama GoTHOMIS (wa vituo vya afya), FFARS (wa fedha za vituo), TAUSI (wa mapato ya halmashauri) na GePG (wa malipo ya serikali). Kosa kubwa ni kununua mfumo mpya unaofanya kazi ileile.
3. Usijaze kila jedwali la TOGAF. Chukua yanayokufaa, mwongozo wenyewe unaruhusu.
4. Taarifa iingizwe mara moja tu. Mhudumu anayenakili idadi ileile kwenye daftari na mifumo miwili anachoka bure, na hapo ndipo takwimu zinapopishana.
5. Panga kwa siku mtandao unapokatika: programu ihifadhi kazi, iitume ukirudi.
6. Soma viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kutangaza zabuni, si baada.
7. Kabidhi kila mfumo kwa cheo, si kwa mtu. Afisa akihamishwa, nywila zisiondoke naye.
8. Pitia mchoro wa mifumo yote kila mwaka kabla ya bajeti.