SOMO LETU: KIOTA CHA NDEGE NA SHAMBA LA NABOTHI

Soma: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, 1 Wafalme 21:1-16



Katika Sheria ya Musa imo amri moja ndogo ambayo wengi wetu huipita upesi tunapoisoma. Mtu akikuta kiota cha ndege njiani, na mama amelalia makinda au mayai, ameruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama sharti amwache aende zake. Ahadi iliyofungwa na amri hiyo ni heri na siku nyingi, karibu sawa na ile tuliyopewa katika amri ya kuwaheshimu baba na mama. Yafaa basi tuitazame vizuri.

Mwezi huu twataka kuichukua amri hiyo na kupanda nayo mlimani, mpaka Amani. Sisi wa Muheza na Tanga twaiona milima ya Usambara ya Mashariki asubuhi tukitoka nje, na maji yanywewayo mjini Tanga hutoka huko, maana mto Zigi huteremka kutoka msituni hadi bwawa la Mabayani. Hata hivyo wengi wetu hatujafika. Wageni wa Ulaya na Marekani hufika, darubini shingoni, wakimtafuta ndege mmoja mdogo wa kijivu, na wakimwona hufurahi kama yule mwanamke aliyeipata shilingi yake iliyopotea.

Wanayo sababu. Msitu huu ni wa kale mno, na mvua zitokazo baharini zimeulisha hata wakati nchi ya chini ilipokauka. Kwa hiyo vimebaki humo viumbe visivyopatikana kwingine, au vipatikanavyo mahali pachache tu duniani. Yuko chura asiyetaga mayai, bali huzaa watoto walio hai. Wako vinyonga wenye pembe. Tena liko ua dogo la rangi ya zambarau, liotalo kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo linauzwa katika vyungu Ulaya nzima na Marekani, na mabibi wengi wanalo dirishani. Ukiuliza ni kiasi gani cha fedha za biashara hiyo kimewarudia watu wa milimani ambao ua hilo lilikuwa likichanua kwenye miamba yao, sijui nani atakujibu. Makinda yalichukuliwa, na mwenye mti hakukumbukwa.

Msitu wenyewe umepatwa na mengi. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapo Amani kituo cha kuchunguza mimea, wakafyeka sehemu na kupanda miti ya nchi za mbali. Yakaja mashamba ya chai. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashine ziliingia kukata magogo ya viwanda vya mbao, kwa msaada wa Wafini, mpaka watu wakapiga kelele na kazi hiyo ikakomeshwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1997 Serikali ilitenga hekta 8,380 ziwe Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Nyumba ya zamani ya stesheni ya reli pale Sigi, ambako magogo yalikuwa yakipakiwa, sasa ndiyo wanakopokelewa wageni.

Ndipo tulipoanza kusikia habari za utalii wa mazingira. Neno hilo lasemwa sana siku hizi, na kila nyumba ya wageni yenye miti mitatu uani hujipa sifa hiyo. Sisi twalielewa hivi: mgeni aje, aone, alipe, aondoke, msitu ubaki ulivyokuwa, na yule akaaye kando ya msitu apate fungu lake. Wengi hulikumbuka lile la msitu kubaki. Fungu la jirani husahauliwa, na hapo ndipo shoka huingia usiku.

Tuchukue mfano mwema kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa vijiji vya Amani, akina mama wengi miongoni mwao, walifundishwa kufuga vipepeo. Hukamatwa vipepeo wachache tu msituni, hutiwa katika kibanda cha chandarua, nao hutaga mayai juu ya majani ya miti yao. Viwavi hulishwa majani hayo. Kiwavi akishashiba hujining'iniza na kujifunika ganda, na katika hali hiyo ya usingizi alifungwa vizuri na kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio kutazama vipepeo wakiruka ndani ya nyumba za vioo. Wageni waliofika Amani walionyeshwa vibanda hivyo pia. Ada za shule zililipwa, na mabati yakanunuliwa. Tena mkulima alijua kwamba mti wa msituni ukikatwa, chakula cha viwavi wake kimekatwa. Je, hiyo si amri ya kiota yenyewe? Kilichouzwa ni watoto, na mama, yaani msitu, akaachwa.

Lakini mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai kwenda nje, kwa sababu ya wizi mkubwa wa wanyama, na vipepeo wa Amani wakaingia katika marufuku hiyo pamoja na twiga na nyani. Mama aliyekuwa na kibanda chake alibaki na viwavi wasio na mnunuzi. Hatuna ugomvi na nia ya kuzuia wizi. Twasema tu kwamba anayeandika amri akiwa mbali yampasa aulize ni nani atakayelala njaa kwa amri hiyo.

Sasa tumwendee Nabothi. Tumezoea kumkumbuka Yezebeli na mashahidi wake wa uongo, tukasahau jinsi habari ilivyoanza. Ahabu alianza kwa maneno mazuri. Aliahidi shamba bora zaidi, au fedha taslimu kwa thamani yake. Leo tungesema alitoa fidia. Nabothi alikataa kwa sababu lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi haupimwi kwa mizabibu iliyomo.

Liko eneo liitwalo Derema, hekta 956, linalounganisha misitu ya kaskazini na ya kusini. Watu walikuwa wakilima iliki humo, chini ya kivuli cha miti mikubwa, na iliki ndiyo iliyokuwa fedha yao. Kilimo hicho huchosha udongo, na miti michanga hufyekwa, hivyo baada ya miaka msitu hauna watoto. Wataalamu walisema kweli. Basi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaamuliwa Derema iwe hifadhi, na wakulima zaidi ya 1,000 wakatoka. Walilipwa fidia ya mazao. Wengi walilalamika kwamba malipo yalichelewa, tena hayakufanana na walichokiacha, kwa maana iliki huvunwa mwaka hadi mwaka na fidia huliwa mara moja.

Hatusemi kwamba Derema ingeachwa ikatwe. Ahabu alitaka bustani ya mboga karibu na nyumba yake; huku watu walitaka maji yasikauke na viumbe wa Mungu wasipotee. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini tusijifiche nyuma yake. Maji tunayonywa sisi huku chini, sehemu ya bei yake ililipwa na mkulima wa iliki. Mgeni apigaye picha Amani naye hutembea juu ya sadaka hiyo. Kwa hiyo sehemu ya kiingilio inapopelekwa vijijini, au kijana wa kijiji anapoajiriwa kuongoza wageni, tusiite huo msaada. Ni deni linalolipwa kidogo kidogo.

Liko jambo jingine ambalo sisi Wakristo huliogopa kulitaja, nalo ni mizimu. Wazee wa Kisambaa na Kibondei walikuwa na misitu midogo, kwenye chemchemi au makaburi ya wakubwa, ambamo shoka halikuingia. Walitambikia humo. Tangu wamisionari walipofika Magila mwaka 1868 tumefundishwa kumwabudu Mungu mmoja, na hatulirudi neno hilo. Ila wengine wetu tulipoacha tambiko tuliona hata mti hauna maana tena. Woga ukatoka, heshima nayo ikatoka, na chemchemi zikakauka. Leo mgeni akija huuliza aonyeshwe mahali hapo. Sisi twaona neno ni la wazee wa mahali: wakisema hapaonyeshwi, hapaonyeshwi, hata kwa dola. Wakikubali, kijana Mkristo anayeongoza wageni aweza kueleza walichofanya babu zake bila kuwacheka, na bila kupiga magoti yeye mwenyewe.

Kwaya na vijana wetu wanapopanga safari ya Amani, basi waende kama majirani. Kiingilio cha raia si kikubwa. Wakilipe bila kutafuta njia ya mzunguko. Wamchukue kiongozi wa kijijini, na chakula waagize kwa akina mama wa huko kuliko kubeba masufuria kutoka mjini. Lile ua la zambarau waliache kwenye mwamba wake.

Katika vikundi vyenu mjadiliane haya. Katika mtaa wetu, ni kipi tulichochukua makinda na mama pamoja? Kama Nabothi angekuwa mkulima wa Derema, Nabii Eliya angetumwa kwa nani, na angesema nini? Na ikiwa kila nyumba inywayo maji ya Zigi ingetoa kitu kidogo kwa ajili ya wakulima wa juu, nani apewe kazi ya kukusanya, na nani wa kuzikagua hesabu zake?