Mama Anaporudi Kazini



Mama aliyeajiriwa hapa Voi, awe muuguzi, karani au mhudumu wa hoteli huko Tsavo, analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Akijifungua, ana likizo ya miezi 3 yenye mshahara kamili, na haki ya kurudi katika kazi yake au nyingine inayomfaa. Amwarifu mwajiri kwa barua angalau siku 7 kabla. Baba naye ana wiki 2 zenye mshahara.

Lakini sheria haiingii jikoni. Mama akitoka zamu ya usiku akute mitungi haina maji, vyombo vichafu na mtoto analia, mwisho ataacha kazi bila kufukuzwa na mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Baba, tumia wiki 2 hizo kujifunza kumwogesha mtoto, na likizo ikiisha usiache. Mama, usinung'unike kimoyomoyo. Mweleze mwenzako unapochoka.

Jadilianeni jioni ya leo:
1. Mama akiwa zamu ya usiku, nani atalala na mtoto?
2. Nani atateka maji?
3. Mliahidiana taabu na raha. Je, taabu za nyumbani mmezigawanaje?