Kikao cha Wazee: Mazungumzo, Mchezo na Somo kama Sehemu ya Huduma ya Afya

Mzee anapofika zahanati akieleza kwamba hapati usingizi, hana hamu ya chakula na viungo vyote vinamuuma, mhudumu hupima shinikizo la damu, hupima sukari, kisha huandika dawa. Ni nadra kumsikia akiuliza: "Bibi, tangu juzi umezungumza na nani?" Makala haya yanahusu swali hilo, na yanahusu mahali ambapo jibu lake linaweza kubadilika, yaani kikao cha wazee kinachofanyika kwenye ofisi ya kijiji, ukumbi wa kata, uwanja wa zahanati au chini ya mwembe.

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003, mzee ni mtu aliyetimiza umri wa miaka 60. Vituo vingi vya umma vimetenga dirisha la wazee ili wasipange foleni na vijana. Hilo ni jambo jema, ila dirisha humpokea mzee akiwa tayari ameugua. Upweke hauji dirishani kwa jina lake. Huja umejificha nyuma ya maumivu ya mgongo.

Kwamba upweke ni suala la afya si maneno ya huruma tu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliounganisha tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, ulionesha kwamba wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai ulio mkubwa kwa takriban asilimia 50 kuliko wale ambao mahusiano yao yalikuwa dhaifu. Mwaka 2024, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demenshia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, likakadiria kuwa karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa huo endapo mambo hayo yote yangedhibitiwa. Miongoni mwake yamo shinikizo la damu na kisukari, ambayo tumezoea kuyatafuta. Yamo pia usikivu hafifu, uoni hafifu, sonona, kutoushughulisha mwili, elimu ndogo, na kutengwa na jamii, ambayo hatujazoea kuyatafuta.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji vya huko miongoni mwa watu wa miaka 70 na zaidi ulionesha kwamba takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na demenshia. Watafiti hawakuishia kuhesabu. Walichukua tiba ya kuchangamsha akili, iliyobuniwa Uingereza, wakairekebisha ilingane na mazingira yetu: kazi zilizohitaji kusoma na kuandika zilibadilishwa, hali ya macho na masikio ya wazee ilizingatiwa, na vifaa vikawa vile vinavyopatikana pale pale. Wazee 34 wenye demenshia ya kiwango cha chini na cha kati walihudhuria vikao 14 katika muda wa wiki saba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba uwezo wa kufikiri uliimarika, na wasiwasi pamoja na matatizo ya tabia vikapungua. Idadi hiyo ni ndogo, na hakuna aliyedai kwamba ugonjwa ulipona. Hata hivyo, kwa maradhi ambayo dawa zake ni ghali na hazileti nafuu kubwa, matokeo hayo yanastahili kuzingatiwa na kila kituo cha afya.

Je, ndani ya kikao kama hicho hufanyika nini? Huchukua kama dakika 45. Wazee huketi kwa duara. Husalimiana na kutajana majina, pengine kwa kurushiana mpira mwepesi, kisha huimba wimbo waliouchagua wenyewe. Hukumbushana siku, mwezi, hali ya mvua na habari za kijijini. Baada ya hapo hufuata mada ya siku: michezo ya utotoni, vyakula, matumizi ya fedha, sauti za vitu mbalimbali, kazi za mikono. Kanuni kuu ni moja, nayo ndiyo inayowapa tabu waongozaji wapya: muulize mzee maoni yake, usimtahini. Swali kama "Ulifunga ndoa mwaka gani?" linaweza kumfedhehesha mbele ya wenzake. Swali kama "Harusi za zamani na za siku hizi, zipi zilikuwa nzuri?" halina jibu la kukosea, na huamsha mjadala ambao mwongozaji atapata kazi kuuzima.

Mwongozaji mara nyingi ana umri wa mjukuu. Basi aanze kwa shikamoo, tena kwa kila mmoja. Asiwapigie wazee makofi kama watoto wa chekechea. Na asiseme na mwana aliyemleta mama yake huku mama mwenyewe ameketi hapo hapo.

Si lazima kila mhudhuriaji awe mgonjwa. Nionavyo, kikao kinachochanganya wazima na wenye usahaulifu mwepesi hudumu zaidi, kwa sababu hakuna anayeona aibu kuonekana akienda huko. Wengi wao si wageni wa elimu ya namna hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya Watanzania wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria, maji safi na vyoo. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amevuka 75. Mpe somo la shinikizo la damu kwa njia ya majadiliano naye atakukumbusha jinsi lilivyoendeshwa. Mchezo wa bao nao usidharauliwe: mashimo 32 na kete 64 ni hesabu nzito, na wazee huifanya huku wakitaniana.

Mwili nao usisahaulike. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba wazee wafanye mazoezi ya mizani na ya nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, ili kupunguza kuanguka. Kuinuka kitini na kuketi tena mara kumi, au kusimama kwa mguu mmoja huku mkono umegusa ukuta, kunatosha kwa kuanzia.

Vikao vingi hufa kwa sababu ndogo ndogo. Choo kiko mbali. Mabenchi hayana egemeo. Saa iliyopangwa ni ya kumwagilia shamba au ya swala. Bibi haji kwa kuwa analea wajukuu. Aambiwe aje nao. Kabla ya kumwandika mzee kuwa hashiriki, chunguza masikio yake: huenda ni nta iliyoziba, nayo huondolewa kituoni.

Lipo jambo zito zaidi. Katika baadhi ya maeneo ya nchi yetu, bibi anayetangatanga usiku, anayesema peke yake, au mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, amewahi kuitwa mchawi, na wapo waliouawa. Familia inayoketi kikaoni na kusikia kwamba huo ni ugonjwa, ikamwona bibi huyo akiimba na kucheka na wenzake, huwa na maelezo mengine ya kuwapa majirani.

Mwongozaji aweke daftari la mahudhurio na kulisoma kila wiki. Mzee aliyekosa vikao viwili atembelewe nyumbani. Mwenye huzuni inayozidi wiki mbili, au anayesema kwamba heri afe, apelekwe kwa daktari. Na yule aliyekuwa timamu wiki iliyopita, leo hajui alipo, si wa kusubiri kikao kijacho wala kuambiwa kwamba ni uzee: huenda ana maambukizi, sukari imeshuka, amepata kiharusi au amezidishiwa dawa, naye afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.