Dondoo Muhimu: Kumjuza Mtoto Tarakimu kwa Mchezo

Mwalimu wa chekechea pale Manyatta, Kisumu, ambaye darasa lake ni dogo na wanafunzi wake ni tele, hana haja ya kungoja vifaa vya dukani; na aanze na ajua, bao la Wajaluo, akiandika tarakimu kando ya kila shimo na kumtaka mtoto atie kokoto kwa adadi ile ile aionayo, akihesabu kwanza kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, kisha kwa Kiswahili, maana akili hushika upesi lile ambalo ulimi umekwisha kulizoea.

Siku ya pili na wavue samaki: kata mbuta na ngege wa boksi kuukuu, uwaandike 1 hadi 9, uwatandaze sakafuni, na kila mvuvi amlete yule aliyetajwa. Walakini 6 na 9 zipigiwe mstari chini, kwani samaki akipinduliwa tarakimu nayo hugeuka, hata mtoto akadhaniwa mjinga ilhali ameona sawasawa. Na hiyo ni dhuluma ambayo walimu wengi huitenda pasipo kukusudia.

Kokoto ziwe kubwa, zisimezeke, na mchezo usizidi robo saa.