Fundisho: Mwenye Kukusanya Mchango Anapopiga Hodi

Maandiko ya kusoma: Matendo 3:1-8, 1 Wakorinto 16:1-4, 2 Wakorinto 8:12-21 na 9:7, 1 Timoteo 5:3-16, Yakobo 2:15-16.

Shabaha ya fundisho: Kujua kutoa kwa moyo na kwa utaratibu, na kujua kukataa bila kumzarau mtu.



Siku hizi katika miji yetu, Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie, Bukavu hata Goma, hodi ni nyingi. Mtu anafika kwenye lupango na daftari mkononi na karatasi yenye kashe mbili. Anaomba mchango juu ya yatima, juu ya wagonjwa, juu ya wafungwa. Kesho yake anafika mwingine. Wengine hawaji kwa miguu: wanatuma barua kwa mkono wa mtoto, ao ujumbe kwa simu wenye picha ya mgonjwa na namba ya kutumia feza. Mama wa nyumba anatoa franka alizoweka juu ya unga wa jioni. Moyo wake haukuguswa. Anaogopa tu kuitwa mkristo asiye na huruma. Usiku watoto wanalala na njaa, baba anauliza feza ilikwenda wapi, na mabishano yanaingia nyumbani. Je, hiyo ndiyo sadaka ambayo Mungu anaitaka?

I. OMBI SI DENI

Mtume Paulo anawafundisha Wakorinto kwamba kila mtu atoe sawasawa na alivyokusudia katika moyo wake, bila huzuni na bila kulazimishwa. Mbele ya hapo amekwisha kuwaambia kwamba Mungu anapokea toleo kwa kipimo cha kile mtu alicho nacho, si cha kile asicho nacho. Basi kile kinachotolewa kwa haya si toleo la moyo. Ni kama kodi ambayo mgeni ametutoza mlangoni petu.

Tena Paulo anamwambia Timoteo kwamba asiyetunza watu wa nyumba yake ameikana imani. Unga wa watoto na feza ya masomo yao vina mwenyewe tayari. Hatuna ruhusa ya kuwanyanganya wadogo wetu ili tuonekane wema machoni pa mtu tusiyemjua.

Lakini tujihazari na kosa la upande wa pili. Kuna wenye walidanganywa mara moja, na tangu siku ile wamefunga mlango kwa wote. Yakobo anatuonya: kumwambia mwenye njaa aende kwa amani, bila kumpa kitu, hakumsaidii. Mdanganyifu aliiba feza yetu. Tusimwache aibe na huruma yetu.

II. TUTENGANISHE WAOMBAJI WA NAMNA MBILI

Wa kwanza anaomba juu yake mwenyewe. Ana njaa, ana kiu, anakimbia vita ao moto. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto wa mawe ulipita kati ya mji wa Goma. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku kama hizo hatumwombi mtu karatasi. Anapewa maji, chakula na mahali pa kulala. Kile anachohitaji tunakiona kwa macho, na kile tunachompa anakitumia mbele yetu.

Wa pili anaomba juu ya watu wasiokuwa pale. Anasema yatima ni makumi, lakini yatima hatuwaoni. Anataka feza tu, si sabuni wala mchele. Huyu si lazima awe mwongo. Wengi wanafanya kazi nzuri. Lakini amejiweka kuwa mjumbe, na mjumbe anaulizwa ametumwa na nani.

III. HATA MTUME PAULO ALIKUBALI KUCHUNGUZWA

Tuangalie namna mchango wa watakatifu wa Yerusalema ulivyofanywa. Paulo aliwaambia Wakorinto kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, ili michango isifanywe kwa haraka siku atakapofika. Aliwaambia wachague wao wenyewe watu wa kupeleka zawadi ile, na watu hao wapewe barua. Kisha anataja ndugu aliyechaguliwa na makanisa kusafiri pamoja naye, ili mtu yeyote asipate la kuwasema juu ya feza ile nyingi. Alitaka mambo yawe sawa mbele ya Bwana, na mbele ya watu vilevile.

Wapenzi, huyu ni mtume aliyemwona Bwana, na bado hakutaka kubeba mfuko peke yake. Basi mkusanyaji anayekasirika kwa sababu tumemuuliza, anajiweka juu ya Paulo. Sisi wenyewe katika nsinsani tunaleta matoleo mbele ya macho ya wote, na yanahesabiwa. Tusione haya kumwomba mgeni mwangaza ule ule tunaouomba kwetu.

IV. MAMBO YA KUULIZA MLANGONI

1. Shirika linaitwa nani, na linafanya kazi wapi? Katika Congo yetu, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inaongoza mashirika yasiyotafuta faida, yale tunayoita asbl. Shirika linapewa haki yake na Waziri wa Sheria. Linaweza basi kuonyesha karatasi hiyo.

2. Shefu wa kartie anawajua? Kashe peke yake si ushuhuda. Kashe inachongwa mjini kwa feza kidogo.

3. Tunaweza kwenda kuona yatima hao, na kuwapelekea chakula kwa mikono yetu? Mwenye kazi ya kweli atafurahi. Mwingine atasema ni mbali, ao feza tu ndiyo inafaa.

4. Tunaweza kutoa kesho? Hitaji la kweli la watoto litakuwapo kesho pia. Anayesema ni sasa hivi ao baraka inapotea, anauza baraka.

Juu ya ujumbe wa simu: picha inaweza kuibwa, na hata sauti na jina la ndugu vinaweza kuigwa. Ujumbe ukitoka kwa mtu unayemjua, umpigie kwanza kwa namba yako ya zamani. Namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money usimpe mtu, hata akijiita mchungaji.

V. NAMNA YA KUKATAA

Petro na Yoane walipoombwa sadaka kwenye mlango wa hekalu, Petro hakuwa na feza. Hakujificha, wala hakumtuma mtoto kusema hayupo. Alimkazia macho kiwete, akamwambia wazi kile asicho nacho, kisha akampa kile alicho nacho. Tujifunze hapo mambo matatu: kumtazama mtu, kusema kweli, na kutokuwa na haya ya mfuko mtupu.

Basi tunaweza kusema: «Papa, asante kwa kunieleza kazi yenu. Mimi sitoi mchango mlangoni. Uniachie jina na namba ya shirika, nitazipeleka kwa mashemasi wa paruasi.» Maneno hayo yanatosha. Hatuhitaji kudanganya kwamba baba amesafiri, wala kumtukana mtu. Akiendelea kusukuma, tunarudia maneno yale yale kwa upole na tunafunga mlango.

Na mashemasi wafanye kazi yao. Kanisa la kwanza lilikuwa na orodha ya wajane, na Paulo aliweka masharti yake: umri wa miaka sitini, ushuhuda mwema, na kwamba mwenye jamaa atunzwe kwanza na jamaa yake. Kuchunguza namna hii kunalinda kidogo kilichopo, ili kimfikie mjane wa kweli anayekaa kimya nyumbani.

VI. BARUA KWA WENYE WANAKAA ULAYA

Ndugu zetu wa Ubelgiji na Ufaransa wanapata maombi kwa posta, mara nyingi na kalamu ao kadi ndani ya bahasha. Wengine wanazani wamekuwa na deni. Hapana. Kitu hukukiomba, wamekutumia kwa mapenzi yao. Kalamu uandikie, na usilipe kwa sababu yake. Unaweza kuwaandikia waondoe jina lako. Katika Ubelgiji kuna pia orodha inayoitwa Robinson, kwa wasiotaka barua za namna hii. Ni vizuri kuchagua kazi moja ao mbili unazozijua, kuzisaidia kila mwaka, na kuacha zingine kwa amani.

MAULIZO YA MAZUNGUMZO

1. Mara ya mwisho ulipotoa mlangoni, ulitoa kwa upendo ao kwa haya?
2. Katika avenue yetu, ni nani ana hitaji lakini hapigi hodi kwa mtu?
3. Mume na mke wanaweza kupatana mbele ni kiasi gani cha kutoa kila mwezi?

Mungu atupe mkono ulio wazi na macho yaliyo wazi. Amina.