SOMO: KUANDIKA CV KWA MTU ALIYEFANYA KAZI MIAKA MINGI



Kituo cha Nkamira, hapa Wilaya ya Rubavu, kilianza tena kupokea watu wengi kutoka Masisi na Rutshuru mwishoni mwa mwaka 2022. Baadhi yao walihamishiwa baadaye kambi ya Mahama na kambi nyingine. Katika watu hao wamo wauguzi, walimu wakuu, wahasibu, mabwana shamba, mafundi umeme na madereva wa malori. Lakini mara nyingi, mtu akiulizwa kazi yake, hujibu neno moja tu: "Mkimbizi."

Ukimbizi si kazi. Ni hali uliyo nayo mbele ya sheria. Kazi yako ni ile uliyojifunza na kuifanya, na vita havikuifuta. Rwanda iliingia katika Mkataba wa 1951 kuhusu Hali ya Wakimbizi mwaka 1980, na ina sheria yake kuhusu wakimbizi. Mkimbizi anaruhusiwa kutafuta kazi. Somo hili ni kwa yule mwenye miaka kumi, kumi na tano au ishirini ya kazi, asiyejua jinsi ya kuiweka kwenye karatasi.

1. CV NI NINI?

CV ni karatasi inayomweleza mwajiri wewe ni nani kikazi: unajua nini, umefanya nini, wapi, na kwa muda gani. Si hadithi ya maisha yako, wala si ombi la msaada. Mateso ya safari yana mahali pake pa kuelezwa, kwa maafisa wa ulinzi na washauri. Usiyaweke hapa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sokoni ni kweli, kwa sababu mnunuzi anakiona kitu kwa macho. Mwajiri hajakuona ukifanya kazi. Anaona karatasi tu, tena ana karatasi nyingi mezani. Kwa hiyo kurasa mbili zinatosha, hata kama umefanya kazi miaka ishirini.

2. ANZA NA KAZI YA MWISHO

Wengi huanza na shule ya msingi, kisha sekondari, na kazi muhimu inakuja mwisho wa ukurasa wa tatu. Mwenye ujuzi hafanyi hivyo. Panga hivi:

a) Jina lako na namba ya simu.
b) Mistari mitatu inayosema wewe ni nani kikazi.
c) Kazi ulizofanya, ukianza na ya karibuni na kurudi nyuma.
d) Masomo na mafunzo.
e) Lugha.
f) Watu wanaokufahamu kikazi.

Kazi za miaka kumi ya mwisho zieleze vizuri. Zile za zamani zaidi zitaje kwa mstari mmoja mmoja.

3. ELEZA ULICHOFANYA, SI SIFA ZAKO

Tuchukue mfano wa muuguzi aliyeongoza kituo cha afya huko Masisi. Huyu ni mtu wa mfano tu. Mara ya kwanza aliandika:

"Nilikuwa muuguzi Masisi. Mimi ni mwaminifu, mchapakazi, na ninapenda kazi yangu."

Maneno hayo kila mtu anaweza kuyaandika, hata mvivu. Mara ya pili aliandika:

"Muuguzi mkuu wa kituo cha afya, Masisi, 2008–2022. Niliongoza wauguzi watano na wakunga wawili. Nilipima na kutibu wagonjwa mahali pasipo daktari. Nilisimamia chanjo za watoto na friji ya chanjo. Nilitunza hesabu ya dawa na kutuma ripoti kila mwezi."

Ni mtu yuleyule na kazi ileile. Lakini sasa mwajiri anajua kwamba anaweza kumpa watu wa kuongoza na dawa za kutunza. Angalia pia kwamba hakuandika neno "titulaire" peke yake. Sisi tuliotoka Kongo tunajua kwamba titulaire ndiye anayebeba kituo kizima. Msomaji aliyekulia Kigali au Nairobi huenda hajui. Eleza cheo chako kwa kazi zake.

Jiulize maswali haya manne kwa kila kazi: Niliongoza watu wangapi? Nilitunza nini: fedha, dawa, gari, wanafunzi? Nilitumia chombo gani? Kitu gani kilibadilika kwa sababu yangu? Tumia namba unazozikumbuka kweli. Kama hukumbuki vizuri, andika "karibu" au "zaidi ya". Usibuni.

4. VYETI VYA KONGO VISOMEKE RWANDA

Hapa watu wengi wenye elimu hupoteza haki yao. Rwanda pia hutumia A2, A1 na A0, kwa hiyo muuguzi wa A1 aliyesoma ISTM ya Goma ataeleweka. Lakini maneno "graduat" na "licence" huleta matata. Katika mfumo wa zamani wa Kongo, graduat ni miaka mitatu baada ya sekondari, na licence huongeza miaka miwili juu yake, jumla mitano. Katika mfumo mpya wa LMD, licence ni miaka mitatu tu. Ukiandika "licence" bila maelezo, msomaji anaweza kukuondolea miaka miwili ya masomo. Andika daima idadi ya miaka:

"Licence ya uchumi, Goma, 2006 (miaka mitano baada ya sekondari)."

Vyeti vikiwa vimepotea au kuungua, usikate tamaa, na usinunue vya bandia. Andika jina la chuo, mji na mwaka, kisha: "Cheti kilipotea wakati wa kukimbia mwaka 2022." Chuo kinaweza kuulizwa. Cheti cha bandia kikigunduliwa, kinaharibu hata kile cha kweli ulichokuwa nacho.

Jua pia kwamba CV peke yake haitoshi kwa kila kazi. Muuguzi na mkunga lazima waandikishwe na baraza la taifa la wauguzi na wakunga kabla ya kugusa mgonjwa. Shahada za vyuo vikuu vya nje hupitia HEC, ofisi ya elimu ya juu, ili zitambuliwe. Anza mapema, maana huchukua muda. Ukisubiri, unaweza kuomba kazi za jirani na taaluma yako: uhamasishaji wa afya, kutunza stoo, kuandika takwimu.

5. MIAKA YA KAMBINI

Wengine huiacha wazi miaka ya kambini, wakiona aibu. Mwajiri akiona nafasi tupu, atadhani unaficha jambo. Andika ulichofanya: mhamasishaji wa afya, mwalimu wa kujitolea, mjumbe wa kamati ya maji, mkalimani, fundi cherehani. Kazi ya kujitolea ni kazi. Kama ulikuwa unauguza mzazi au kulea watoto, mstari mmoja unatosha: "2023: nilikuwa na majukumu ya familia."

6. LUGHA

Usisahau Kiswahili. Watu wa Kivu hawakiandiki kwa sababu kila mtu nyumbani anakijua. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwa kila lugha sema kama unaongea, unasoma, unaandika. Kama Kiingereza chako ni kidogo, andika "kidogo". Utaulizwa kwa lugha hiyohiyo siku ya mahojiano.

7. USIYOYAANDIKA

Kongo tulizoea kuandika jina la baba, kabila, na mahali pa asili mpaka groupement. Yaache. Mwajiri hayahitaji ili ajue unaweza kutunza hesabu, na katika nchi zetu kila mmoja anajua uzito wa karatasi yenye maneno hayo. Usiweke pia namba yako ya ukimbizi, namba ya hema, dini, wala majina ya watoto. Kitambulisho utakionyesha ukiitwa.

Kuhusu watu wanaokufahamu, usimwandike mtu yeyote kabla hajakubali. Mwenzako aliyebaki ng'ambo ya mpaka anaweza kupata shida kwa sababu ya simu moja kutoka kwa mtu asiyemjua. Muulize kwanza. Kama huwezi kumpata, tumia mtu wa hapa aliyeona kazi yako: mwalimu mkuu, msimamizi wa kituo cha afya, mkuu wa kamati.

Na hili likumbuke: kazi hailipiwi. Mtu akikuomba fedha ili apeleke CV yako, si mwajiri, ni mwizi. Toa taarifa.

ZOEZI

1. Chukua karatasi tupu. Andika kazi zako zote, ya karibuni kwanza, pamoja na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza.
2. Chini ya kazi mbili za mwisho, jibu yale maswali manne ya sehemu ya 3.
3. Futa kila sifa isiyo na ushahidi: "mwaminifu", "hodari", "mchapakazi". Weka badala yake tendo moja linaloonyesha sifa hiyo.
4. Mpe mtu asiye wa taaluma yako asome kwa dakika moja. Kisha mfunikie karatasi na umuulize: "Mimi ninajua kufanya nini?" Akishindwa kujibu, andika upya.

Asiyejua kuandika vizuri amtafute jirani anayejua. Fundi aliyejenga nyumba miaka ishirini ana CV kichwani mwake. Anahitaji tu mkono wa kumwandikia. Na wewe unayejua kuandika, usimtoze fedha.