Bomba Moja, Habari Nne: Vidokezo kwa Mwandishi wa Kibaha na Kisarawe

Mwandishi wa mkoani siku hizi hatumi habari sehemu moja. Tukio lilelile linatakiwa gazetini, redioni, kwenye televisheni na kwenye simu za watu, na yote kabla jua halijazama. Wengi huandika mara moja kisha wakanakili, ndiyo maana tunasikia redio inasoma gazeti. Hapa tutalifuata tukio moja mwanzo hadi mwisho. Tuseme bomba kuu la mtambo wa maji wa Ruvu Juu limepasuka Visiga alfajiri. Kupasuka huko ni mfano wa kutunga, lakini mtambo wenyewe upo Mlandizi, uwezo wake ni lita milioni 196 kwa siku, na tangu Juni 2020 maji yake yanapandishwa kutoka Kibamba hadi mji wa Kisarawe. Kwa hiyo bomba likipasuka Kibaha, Kisarawe nako kuna habari.

1. Mwenye dumu tupu atangulie

Habari nyingi za Mkoa wa Pwani huanza na cheo. Mkuu wa wilaya amewataka wananchi, mkurugenzi ameagiza, diwani ametoa wito. Msomaji anafika aya ya nne ndipo anaambiwa kuwa maji hayapo. Geuza mpangilio huo: “Wakazi wa Kongowe na Maili Moja mjini Kibaha waliamka jana bila maji, baada ya bomba kuu kupasuka eneo la Visiga.” Kauli ya kiongozi ni muhimu, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kusema mafundi wamefika saa ngapi na maji yatarudi lini. Aya ya tatu inamtosha. Na kama alichosema ni “tuwe wavumilivu” tu, mwulize tena mpaka apatikane wa kutaja saa.

2. Gazeti linasomwa kesho

Hili ndilo linalowashinda wengi. Gazeti likifika stendi ya Kibaha asubuhi, msomaji ameshaona picha ya bomba kwenye simu yake usiku. Ukimrudishia habari hiyohiyo, hana sababu ya kutoa hela yake. Mpe alichokikosa. Bomba hilo limelazwa mwaka gani? Limeshapasuka mara ngapi mwaka huu? Zahanati ya jirani imepitishaje usiku? Dumu la lita 20 liliuzwaje juzi, na jana lilipanda hadi bei gani? Majibu hayo hayapatikani kwenye mkutano na waandishi. Yapo kwa mamantilie, kwa kijana wa mkokoteni na kwenye mafaili ya ofisi.

Kwa mafaili hayo, ifahamu Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Andika barua, gongesha mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uitunze. Jibu likichelewa halitaiokoa habari ya leo, lakini linaweza kukuzalia habari kubwa mwezi ujao.

3. Redioni, andika kwa sikio

Msikilizaji anapika au anaendesha bodaboda, wala hawezi kurudi nyuma kusoma tena. Kila sentensi ibebe jambo moja: “Maji yamekatika Kibaha. Bomba kubwa limepasuka Visiga leo alfajiri. Kongowe hakuna maji. Maili Moja hakuna. Na mji wa Kisarawe nao umeathirika.” Linganisha na sentensi ya gazeti hapo juu, ujue kwa nini mtangazaji hukwama pumzi akisoma habari iliyonakiliwa.

Namba zipunguzwe makali. “Lita milioni 196” iwe “karibu lita milioni mia mbili”. Saa zitajwe kama tunavyozungumza: 11:40 alfajiri iwe “kabla ya saa kumi na mbili asubuhi”. Cheo kitangulie jina, maana sikio linataka kujua kwanza huyu anayesema ni nani. Halafu rekodi sauti za mahali penyewe: madumu yanayogongana kwenye foleni, koki inayokohoa hewa. Sekunde tano za koki hiyo zinafanya kazi ya aya nzima.

Ukimaliza kuandika, isome kwa sauti, tena ukiwa umesimama. Ulimi ukikwama mahali, pakate.

4. Televisheni: usisimulie kinachoonekana

Picha ikionyesha maji yakiruka, wewe eleza ambacho kamera haikioni, yaani chanzo na muda wa matengenezo. Wapige picha watu wakifanya jambo, si wakiwa wamepangwa mstari.

5. Kwenye simu, tarehe ni sehemu ya habari

Ujumbe wa WhatsApp hauna jana wala leo. Uliouandika Jumatatu utasambazwa tena wiki ya tatu, na mtu wa Kiluvya atahangaika kukinga maji ambayo hayajakatika. Ndani ya maneno yenyewe weka tarehe, mahali, na jina la ofisi iliyothibitisha. Usiseme “leo”. Kama hujathibitisha, usitume hata kama kundi zima linakusubiri. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, lakini hata bila sheria, jirani aliyekuamini mara moja akapotoshwa hatakuamini mara ya pili.

6. Kongowe ipi, Masaki ipi?

Kuna Kongowe ya Kibaha na Kongowe ya Mbagala. Kuna Masaki ya Kisarawe, na Masaki ya Dar es Salaam inayojulikana na kila mtu. Kibaha yenyewe ina halmashauri mbili, ya mjini na ya wilaya, na makao ya ile ya wilaya yapo Mlandizi. Mhariri aliyeko Dar es Salaam hatakusahihisha, kwa kuwa anakutegemea wewe uliyeko huko. Taja mtaa au kijiji, kisha kata, kisha wilaya.

7. Shikamoo kwanza, maikrofoni baadaye

Humdai bibi wa Maneromango jibu la haraka. Msalimie, kaa, jitambulishe, mweleze sauti yake itasikika wapi. Akisema hataki jina litajwe, mkubaliane kabla ya kuwasha kinasa sauti. Mtoto, au aliyefanyiwa ukatili, asitambulike kwa jina wala kwa shule, wala kwa picha ya nyumba yao.

8. Makala ianze habari ilipoishia

Bomba likishazibwa, habari imekwisha, ila makala ndiyo kwanza inaanza. Kisarawe ipo vilimani, jirani na Dar es Salaam, na kwa miaka mingi maji yalikuwa kilio chake. Tafuta mtu mmoja aliyechota maji mbali kabla ya 2020, utembee naye njia ileile. Umpe nafasi ya kusimama na kukumbuka. Yeye ndiye uti wa mgongo wa makala. Takwimu zimfuate zikiwa chache.

Maeneo haya yamejaa makala ambazo hazijaandikwa vya kutosha. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Wapo wazee waliosoma, kufundisha au kulima pale. Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi una wanaoulinda na wanaoutegemea kwa kuni. Treni ya umeme inasimama Soga. Nenda ukaone nini kimebadilika kijijini na nini kimebaki vilevile. Chagua moja, uirudie mara kadhaa kabla hujaandika.

9. Nauli yako isilipwe na unayemwandika

Najua malipo ya mwandishi wa kujitegemea ni madogo na Mzenga ni mbali. Bado, bahasha ukishaipokea, swali la pili huliulizi. Changeni nauli wewe na wenzako wawili au watatu, mwende pamoja, kila mmoja aandike chake.

10. Rudi Visiga baada ya wiki

Mpigie mama mmoja wa Maili Moja aliyekosa maji siku ile, umuulize kama koki inatoa maji, na yanatoka saa ngapi. Kisha mpigie aliyekuahidi kuwa tatizo limekwisha, umsomee alichojibu mama.